Barua Isiyoanza kwa Pardon

Barua ilimkuta Nabintu Nshobole nyuma ya banda la ndege, akianua vitambaa vyake vya kazi kwenye kamba. Ilikuwa Jumanne asubuhi, mwezi wa kumi mwaka 2023. Aliyemletea alikuwa gérant mwenyewe, Achille, mwanamume wa shati lisilokunjamana, ambaye siku zote alimwita kwa simu hata walipotenganishwa na ukuta mmoja tu wa mabati. Nabintu aliliona hilo kabla hajaiona bahasha. Msimamizi akiacha kiti chake na kuvuka matope ili akuletee karatasi kwa mkono wake, haji na habari njema.

"Mama Nabintu, saini hapa kama umepokea."

"Nisaini mbele ya kusoma?"

"Ni ya kupokea tu, mama. Haiko ya kukubali."

"Basi acha nisome kwanza, nijue niko napokea nini."

Achille akacheka kidogo, lakini hakuondoka. Alitazama viatu vyake huku Nabintu akifungua bahasha na kuisoma barua, mara ya kwanza kwa haraka, mara ya pili kwa kidole.

Barua ilisema hivi. Jumatatu, fundi wa ndege alikuta pengo kwenye elise, yaani ule upanga wa mbele unaozunguka na kuivuta ndege. Jumapili, mfanyakazi Nabintu alionekana akipanda ngazi karibu na elise hiyo. Kwa hiyo mfanyakazi huyo anaombwa aeleze kwa maandishi, katika saa arobaini na nane, sababu zilizomfanya auharibu upanga huo, na kwa nini asichukuliwe hatua.

Msomaji na airudie sentensi ya mwisho. Haikuuliza kama aliharibu. Iliuliza kwa nini. Ofisi zetu huiita barua ya namna hii demande d'explication, yaani ombi la maelezo, na jina hilo la upole limewadanganya wengi, kwa sababu anayeiandika hatafuti maelezo yoyote. Anatafuta saini. Nimeziona nyingi katika mji huu, na bado sijaona hata moja iliyotoka chini kwenda juu. Mkubwa akivunja kitu, tunasema ajali. Mdogo akisimama karibu na kitu kilichovunjika, tunamwandikia.

"Na funguo ya banda, unipatie," Achille akasema, baada ya saini.

"Ju ya nini? Nani ataosha ndege?"

"Tutaona. Ni mpaka mambo iishe, mama. Usiwaze mubaya."

Akampa. Lakini aliwaza mabaya, na alikuwa na haki ya kuyawaza. Ufunguo ulimwambia kile ambacho barua ilikuwa imekificha: uamuzi ulikwisha kufanywa, na kilichobaki ni yeye mwenyewe kuuandika kwa mkono wake.

Nabintu ana miaka arobaini na minane. Alizaliwa Kabare, upande wa Bukavu, akaja Goma akiwa ameolewa na Constant, karani wa bandarini, ambaye maradhi ya figo yalimchukua kabla watu wa mtaa hawajamzoea. Hakurudi kwao. Anakaa Lac Vert na mdogo wake Nsimire, katika nyumba ya mbao iliyosimama juu ya mawe ya volkano. Ni mwanamke mrefu, mwenye sauti ndogo, na hununua kalamu mbili kila wakati, kwa kuwa hamwamini muuzaji kwamba ya kwanza ina wino.

Hakuzaliwa na mashaka hayo. Yalimwingia kazini. Kwa miaka kumi na mmoja alifanya kazi katika depo moja ya vitenge, akipokea marobota na kuyapanga. Msimu mmoja wa mvua paa lilivuja, marobota yakalowa, naye akaletewa barua ya kueleza. Akajibu kama masista walivyomfundisha shuleni, na kama kila mtu aliyelelewa vizuri katika mji huu anavyojibu: "Naanza kwa kuomba pardon kwa kosa lililotokea." Kisha akaeleza kurasa mbili nzima jinsi alivyotoa habari za paa hilo mara tatu. Hakuna aliyefika ukurasa wa pili. Mwenye depo alisoma mstari wa kwanza kwa sauti mbele ya wafanyakazi wote, akauliza: je, mtu huomba msamaha kwa kosa ambalo si lake?

Ndiyo, Bwana. Kwetu huomba. Nani kati yetu aliyewahi kuingia ofisini kwa mkubwa bila kutanguliza pardon mlangoni? Tunaitamka kama tunavyobisha hodi. Lakini hodi ikishaandikwa, ikatiwa saini na kuwekwa kwenye faili, inakuwa ungamo. Nabintu alifukuzwa bila hata karatasi ya kuonyesha kwamba aliwahi kufanya kazi pale, na kwa miaka mitatu kila aliyepiga simu kuuliza habari zake aliambiwa kwamba ni yule mama aliyeharibu mali. Alikaanga mandazi. Alifua nguo za watu. Ndipo akapata kazi ya banda la ndege, na kwa kazi hiyo akawa tena mtu anayeaminiwa funguo.

Ndege yenyewe ni ndogo, ya viti vinne na injini moja, nyeupe, yenye mstari wa kijani ubavuni. Mwenye ndege ni Papa Benny, mfanyabiashara wa asili ya Butembo anayeuza vipuri vya malori. Aliinunua baada ya vita kuikata barabara ya Rutshuru, kwa sababu nusu ya jamaa yake na nusu ya biashara yake zilibaki upande wa pili. Banda liko kwenye kona ya uwanja, mahali ambapo lami haifiki. Kwa hiyo kila safari ndege husukumwa kwa mikono mpaka kwenye lami, ndipo rubani aiwashe. Kazi ya Nabintu ni kutunza funguo, kuiosha ndege, kuifunika, na kuandika ni nani ameingia na nani ametoka.

Jumapili iliyotangulia barua, padri alikuja kuibariki. Papa Benny alialika watu sitini. Mvua ilikuwa imenyesha tangu Ijumaa, na mbele ya banda palikuwa uji mtupu wa matope. Achille akaleta lori la kokoto za volkano, zikamwagwa na kusawazishwa, zikapendeza, nyeusi na safi, wageni wakashuka kwenye magari yao bila kuchafua kiatu. Ndivyo tunavyofanya Goma nzima, kwenye harusi, kwenye matanga, mbele ya kanisa. Sisi tunajengea mawe, tunatembea juu ya mawe, tunazuia mafuriko kwa mawe. Hakuna aliyeuliza chochote. Nabintu naye alipanda ngazi, akafunga utepe mweupe kwenye elise, akashuka. Padri alipomaliza kunyunyiza maji ya baraka, Nabintu akapanda tena kuufungua.

Jumatatu, fundi Modeste alipitisha kidole kwenye ukingo wa elise, na kidole kikasimama. Palikuwa na pengo karibu na ncha, lenye kina cha ukucha. Akasema ndege isiruke. Ilipofika jioni, kila mtu aliyekuwapo Jumapili alikuwa amekumbuka ngazi. Hakuna aliyekumbuka kitu kingine.

Nsimire aliisoma barua akiwa amesimama, sufuria ya mboga ya sombe jikoni ikimngoja.

"Dada, andika tu pardon, mambo ipite."

"Ipite iende wapi?"

"Iende huko! Papa Benny haiko mutu mubaya. Ukimuinamia kidogo, roho yake italainika."

"Niliinamaka mara moja. Ulisahau? Ni weye ulikuwa unauza mandazi na mimi."

"Sasa utaandika nini? Ya kwamba uliangalia tu? Batasema unajifanya avoka wa kortini."

"Nitaandika ile naijua."

"Na unajua nini?"

Nabintu akaikunja barua. Ukweli ulikuwa kwamba hakujua. Ngazi yake haikugusa elise. Hilo aliliapia mbele ya mdogo wake na mbele ya picha ya Bikira Maria. Lakini nani aligusa? Akawapitia mmoja mmoja. Rubani Moïse, aliyekuwa wa mwisho kutoka ndani ya ndege na ambaye Jumatatu nzima hakumtazama machoni. Modeste, mwenye nyundo na funguo za chuma, aliyeliona pengo wa kwanza, na anayeona wa kwanza mara nyingine ndiye aliyetangulia kujua. Achille, aliyetembea katika matope kuleta bahasha. Mpaka chakula kinapoa alikuwa amewashuku wote, na mwishowe akajishuku mwenyewe: huenda ngazi iliteleza kidogo wakati anaufungua utepe, asisikie. Huo ndio ubaya mkubwa wa barua hizi. Humfanya hata asiye na hatia aanze kuipekua akili yake akitafuta kosa la kuwapa.

Jumatano Achille alipiga simu, kama kawaida yake ya zamani, na sauti yake ilikuwa tamu.

"Mama Nabintu, kuja uoshe ndege. Modeste atakufungulia."

"Mulisema ningoje mpaka mambo iishe."

"Kesho batu ba asiransi, ba bima, banakuya kupiga picha. Haifai bakute ndege muchafu. Uoshe yote, mama, kutoka elise mpaka mukia. Sabuni ya kutosha."

Nabintu alikata simu, akakaa kwenye jiwe la mlangoni. Katika miezi yote aliyofanya kazi pale, Achille hakuwahi kutaja mkia. Na tangu lini kidonda kinachokwenda kuonyeshwa kwa daktari huoshwa kwa sabuni na ndugu wa mgonjwa kwanza? Labda ilikuwa tu tabia ya mtu anayependa usafi. Shati lake lilikuwa shahidi. Labda. Lakini alikwenda bandani akiwa amekwisha kuamua kwamba hatamwaga tone la maji kabla macho yake hayajamaliza kazi.

Modeste alifungua, akaenda kukaa kwenye ndoo iliyopinduliwa karibu na mlango, akimtazama. Nabintu hakujua kama ametumwa kumlinda au kumchunguza.

Yeye ana namna yake ya kuosha. Katika mji huu jivu la volkano huanguka bila kuaga, na jivu hilo si vumbi. Ni kioo kilichosagwa. Ukilifuta kavu kwa kitambaa, unachora dirisha la ndege na rangi yake mikwaruzo isiyotoka. Nabintu alijifunza hilo mapema, kwa dirisha moja alilolichora na kukiri siku ileile. Tangu hapo, kabla ya maji, hupitisha kiganja kitupu juu ya bati lote, taratibu, kusikia kama kuna chembe. Siku hiyo alianza mkiani, kwa sababu mkia ndio uliotajwa.

Kiganja kilipofika kwenye ukingo wa mbele wa bawa dogo la mkiani, kikakutana na ukurutu. Akainama. Palikuwa na vishimo vidogovidogo, vingine kama kichwa cha njiti ya kiberiti, rangi imetoka, bati linang'aa. Akahesabu kumi na kimoja upande mmoja, na saba upande wa pili. Ndani ya kishimo kimoja palikuwa na chembe nyeusi iliyokwama. Akaitoa kwa ncha ya pini, akaiweka kwenye kucha, akaitazama kwenye mwanga wa mlango. Mtu yeyote aliyewahi kutembea Goma bila viatu angeitambua.

Kutoka pale elise ilipo mpaka mkiani ni hatua sita kubwa. Hakuna ngazi yenye mkono mrefu hivyo.

Ndipo Jumapili ikamrudia yote, kwa mpangilio. Baada ya baraka, ndege haikusukumwa mpaka kwenye lami. Wageni walikuwa wameketi chini ya mahema mbele ya banda, na Papa Benny alitaka waisikie palepale. Moïse aliiwasha juu ya kokoto. Sauti ikapanda. Papa Benny, mikono juu, akapiga kelele, "Ongeza moto! Butembo basikie!" Moïse akaongeza. Kofia zikaruka, padri akashika mavazi yake, na chini ya ndege kokoto zikacheza kama mahindi kwenye sufuria. Jiwe moja liligonga hema, watu wakacheka na kupiga makofi. Elise ilikuwa imezinyonya kokoto kutoka chini, ikajigonga nazo, na kuzitupa nyuma mpaka mkiani. Watu sitini waliona kwa macho yao, na hakuna hata mmoja aliyejua anachokiona.

"Modeste," akaita. "Kuja uangalie kitu."

"Mimi njo fundi, mama. Ile mambo yenu ya barua siiko ndani."

"Nakuita kama fundi."

Akaja. Hakuinama. Alivitazama vile vishimo kama mtu anayekutana na jirani aliyemkopa, na Nabintu akaelewa.

"Uliona."

"Mama..."

"Uliona lini?"

"Jumatatu," Modeste akasema, kwa sauti ya chini. "Nilizunguka ndege yote, njo kazi yangu. Niliona elise, niliona na mukia."

"Na ukanyamaza! Usiku muzima nilikuwa najiuliza kama ni miye nilivunja, na weye uko na jibu kwa mufuko!"

"Achille alisema ningoje. Katika buku ya ndege niliandika pengo, sababu nikaacha wazi. Hakunambia nidanganye. Alisema ningoje tu. Niko na batoto, mama."

"Na miye nakulaka mawe?"

Modeste alitabasamu bila kupenda, kisha tabasamu likafa. Nabintu alilegeza sauti. Alikuwa amegundua kwamba hasira peke yake haingemtoa mtu huyu mahali alipojificha, kwa sababu woga wake na woga wa Nabintu walikuwa ndugu.

"Nieleze kitu kimoja. Lile pengo, ndege ikiruka nalo, inafanya nini?"

"Ni sawa kitenge kimekatwa kwa pindo. Elise inavutwa na nguvu mingi sana. Pengo inaanza kupasuka ndani, pole pole, siku moja kipande inatoka."

"Ikitoka?"

"Injini inatingizika mpaka inataka kungoka."

"Basi sikia. Ukiandika ngazi, miye nitafukuzwa, na kokoto zitabaki pale. Siku ingine watawasha tena juu yake, sababu batasema mama wa ngazi alishaenda. Kile kipande kikitoka wakiwa juu ya Lubero, na Papa Benny ndani na bibi yake, utaandika ngazi gani?"

Fundi alikwenda kwenye sanduku lake, akarudi na buku la ndege na simu. Alipiga picha elise, akapiga picha mkia pande zote mbili, akapiga picha ile chembe nyeusi juu ya ukucha wa Nabintu. Kisha, kwenye nafasi aliyoiacha wazi, akaandika kwa herufi kubwa: alama za mawe kwenye elise na kwenye mkia, injini iliwashwa juu ya kokoto. Akatia saini.

"Siko nakusaidia weye," akasema, akilifunga buku. "Nimeandika ju ya ndege."

"Ndege inatosha," Nabintu akajibu. Wala hakumwamini hata hapo. Alimwomba picha hizo azitume kwenye simu yake mbele ya macho yake, akangoja mpaka zilipoingia zote.

Alhamisi waliketi ofisini: Papa Benny nyuma ya meza, Achille kando yake, Moïse rubani na Modeste kwenye benchi. Nabintu alipewa kiti cha plastiki katikati, kama mtu anayekuja kuombewa. Akatoa barua yake. Papa Benny, mwanamume mnene mwenye kicheko cha karibu, aliifungua akatafuta kitu juu ya ukurasa, asikipate.

"Mama, barua yako haina hata mwanzo."

"Ina salamu, Papa. Haina pardon."

"Unaona kiburi?" Achille akasema.

"Acha, Achille. Mama, hata kule kwetu Butembo, mutu anaombaka pardon kwanza, kisha tunaongea."

"Hata kwetu, Papa. Kwa mudomo, naweza kukupatia pardon mia moja sasa hivi, na nitapiga na magoti. Kwa karatasi, hapana."

Papa Benny akacheka, akavaa miwani, akasoma kwa sauti. Barua ilikuwa ya nusu ukurasa. Ilisema kwamba Jumamosi kokoto zilimwagwa mbele ya banda kwa agizo la gérant. Kwamba Jumapili ndege iliwashwa juu ya kokoto hizo na rubani, badala ya kwenye lami. Ikasema kwamba elise ina pengo na mkia una vishimo kumi na vinane, na kwamba ndani ya kimoja palikutwa chembe ya jiwe la volkano. Kwamba ngazi ilisimama mbele na haikufika mkiani. Sauti ya Papa Benny iliendelea vizuri mpaka sentensi ya mwisho, ndipo ikapungua: "Wakati injini inazunguka, Papa Benny alisema: Ongeza moto, Butembo basikie."

Akaishusha barua juu ya meza.

"Kwa hiyo," Papa Benny akasema polepole, "ni miye njo nilivunja ndege yangu?"

"Sijasema vile, Papa. Nimesema tu kokoto ilikuwa wapi na elise ilizunguka wapi."

"Moïse!"

Rubani alisimama, akakaa, akasimama tena. "Papa, najua haikubaliwe kuwasha pale. Nilijua hata siku ile. Lakini batu bote banapiga makofi, na weye unasema ongeza. Ningekatala namna gani?"

"Kwa mudomo!" Papa Benny akafoka. "Ungesema hapana! Ninakulipa ju ya kusema hapana! Na weye Achille, nani alikuambia uweke mawe?"

"Papa, kila mutu Goma anamwagaka kokoto!" Achille alilia, na kwa mara ya kwanza shati lake lilikuwa limelowa kwapani. "Nilitaka wageni wasichafuke! Ilikuwa muzuri, na weye ulisema ni muzuri!"

Huo ulikuwa ukweli, na ndio unaoniudhi kuliko kitu chochote katika habari hii. Hakuna aliyekusudia ubaya. Lilikuwa kosa la watu wa mji wa mawe, waliosahau kwamba jiwe linaweza kunyanyuka. Ingetosha Jumatatu asubuhi watu wanne waseme pamoja, "Tulifanya hivi na hivi," na fundi aandike, na bima ijulishwe, na kokoto ziondolewe. Lakini kila mmoja aliiogopa ile barua, akatafuta mtu aliye chini yake wa kumpelekea. Mahali pa kazi ambapo kusema kweli kuna hatari zaidi kuliko kunyamaza, hata ndege nzima haitakuwa salama. Na anayefanya mahali hapo pawe hivyo si mfagiaji.

Papa Benny alivua miwani. Alimtazama fundi. "Modeste, na weye unasema nini?"

"Iko katika buku, Papa. Niliandika jana. Ni mawe."

Kile kicheko cha karibu kikarudi, ingawa kilikuwa kimepungua uzito. Papa Benny akapiga meza kwa kiganja.

"Basi! Mambo imeisha. Batu ba asiransi bakifika, tutawaambia ni mawe, elise iende kwa batu banaojua kuitengeneza, kokoto itoke leo. Mama Nabintu, Achille atakurudishia funguo. Barua yako tuipasue, na ile yake tuipasue. Tuko familia moja hapa."

Achille akasukuma funguo juu ya meza kwa kidole kimoja. Moïse akapumua. Modeste akaanza kuinuka.

Nabintu hakuinuka.

"Mama? Imeisha."

"Imeisha wapi, Papa?"

"Hapa! Mbele ya hawa wote!"

"Barua ya kwamba niliharibu ndege iliandikwa. Na ya kwamba sikuharibu inasemwa tu."

"Tutaipasua ile, nimesema."

"Kopi iko kwa nani?"

Papa Benny alimgeukia Achille. Achille akatazama dari. Kopi, ikaonekana, ilikuwa imekwisha kwenda kwa watu wa bima tangu Jumanne, pamoja na jina la Nabintu.

"Hunisadiki, mama?" Papa Benny akauliza, na jambo hilo lilimwuma kweli yeye mwenyewe, kwa kuwa alikuwa mtu aliyezoea kuaminiwa.

"Leo nakusadiki, Papa. Naomba karatasi ju ya kesho. Kesho weye utakuwa Butembo, gérant atakuwa mwingine, na jina yangu itabaki katika faili ya batu banasema mama aliharibu. Nilishaishi hivyo miaka tatu. Sirudi."

Achille akafungua mdomo. Papa Benny akamnyooshea mkono, anyamaze. Akavuta karatasi yenye jina la biashara yake juu, akaandika mwenyewe, kwa mwandiko mkubwa wa mtu asiyeandika mara nyingi. Akapiga muhuri, akatia saini, akaisukuma mbele.

Nabintu aliisoma. Ilisema kwamba elise na mkia viliharibiwa na mawe yaliyonyanyuliwa injini ilipowashwa mbele ya banda. Kwamba Mama Nabintu Nshobole hana sehemu katika uharibifu huo. Kwamba barua ya Jumanne imefutwa, na nakala ya karatasi hii itapelekwa kila mahali ilikokwenda ile. Aliisoma mara ya pili kwa kidole, neno kwa neno, huku wanaume wanne wakimngoja. Kisha akairudisha juu ya meza.

"Nini tena?" Papa Benny akauliza.

"Tarehe, Papa."

Papa Benny akainua macho, na hakuna aliyejua kama atafoka au atacheka. Mwishowe aliinamia meza, akaandika tarehe. Nabintu akaipokea karatasi kwa mikono miwili, akasema aksanti, akaipulizia mpaka wino ukakauka kabisa.